Watoto Waliogeuka Kushoto

Sura ya Saba

Watoto thelathini na sita waliingia ndani kutoka uwanjani, vibegi mgongoni, na wote thelathini na sita wakageuka kushoto.

Kushoto hakukuwa na kitu. Palikuwa na ukuta mtupu uliopakwa rangi ya samawati juzijuzi, ukiusogelea pua inakupasha habari. Watoto waliukabili ukuta ule kidogo, wakitazamana, wengine wameshavua mkanda mmoja wa begi. Kisha walezi wenye aproni mpya wakawashika mabega na kuwageuzia kulia, ambako kulabu arobaini za kutundikia vitu zilikuwa zimepangwa sawasawa, kila moja na namba yake, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima.

Rula aliona. Alikuwa amesimama karibu na mlango, daftari wazi, tayari kuandika neno "vizuri", na kalamu ikabaki hewani.

Jina la Rula alipewa ofisini, kwa sababu kila ripoti yake ilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula, na kwa sababu wenzake walisema mama yule hapindi hata umkalie. Alikuwa mpelelezi wa Mfuko wa Malezi na Vijana, ule mfuko wa umma unaovisaidia vituo vya kulelea watoto na programu za vijana. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha msaada unawafikia watoto wenye pua na masikio, si majina matupu kwenye daftari. Watoto hewa alikuwa ameshawafumania wengi kwa miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kumzidi ujanja.

Mwaka huu kata nzima ilikuwa na fungu la kituo kimoja tu, na waombaji walikuwa wawili. Wa kwanza ni mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, mwenye kituo cha miaka kumi na mmoja na watoto arobaini na wawili daftarini. Wa pili ndiye mwenye jengo hili jipya na msimamizi wa programu ya vijana, bwana aliyepachikwa jina la Tabasamu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona midomo yake ikiyafunika meno. Jumanne Rula alimvamia Shangazi bila taarifa, akakuta watoto sita, tena wa kutambaa. Akaandika "watoto hewa" na kupiga mstari chini yake. Leo Alhamisi alikuja kumkagua Tabasamu, na saa sita mchana kamati ingetia sahihi. Shangazi akikosa fungu hili, kesho Ijumaa anafunga mlango.

Hayo yote yalikuwa yamelala vizuri kichwani mwa Rula mpaka watoto walipogeuka kushoto.

"Michezo imewachosha," alisema Tabasamu, akitokea ubavuni pake. "Watoto wakichoka hata njia ya kwao huisahau."

Rula akaitikia kwa kichwa kana kwamba amekubali. Lakini mtoto aliyechoka hugeuka popote, huyu kulia, yule kushoto, mwingine anakaa chini. Hawa waligeuka pamoja, bila kufikiri, kama mtu anavyonyoosha mkono gizani kutafuta swichi ya chumbani kwake.

Mtoto mmoja wa kike, wa miaka minne hivi, alikuwa hajauacha ukuta. Alikuwa anaupapasa kwa kiganja, taratibu, huku na huku. Rula akachuchumaa karibu naye.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Kobe wangu."

"Kobe wako anakaa wapi?"

"Hapa." Akaugonga ukuta. "Mimi naweka begi kwa kobe."

Tabasamu akacheka, akasema watoto na ndoto zao ni kitu kimoja. Rula naye akacheka, kile kicheko cha kikazi kisichofika machoni. Lakini yeye alikuwa anamjua kobe yule.

Alimwona Jumanne, kwa Shangazi. Pale, kushoto kwa mlango, palikuwa na ubao wenye kulabu, chini kabisa, mpaka mtu mzima ainame. Juu ya kila kulabu ilibandikwa picha iliyokatwa kwenye gazeti kuukuu: kiti, samaki, jogoo, kobe. Mtoto wa umri ule hajui kusoma jina lake wala namba, ila picha yake haikosi. Kila aliyewahi kulea watoto wa watu analijua hilo. Rula, bila kujua, alitundika mkoba wake kwenye kobe, na Shangazi akamwambia autoe, hapo pana mwenyewe. Mwenyewe yupi, Rula alijiuliza siku ile kwa kejeli, si mtoto hewa? Sasa mwenyewe alikuwa mbele yake, kamasi zikimchuruzika, anadai haki yake kwenye ukuta wa watu.

Angeweza kupasua jipu palepale. Hakupasua. Miaka kumi na minne ilimfundisha kwamba ukimkurupusha mwizi kabla ya kushika kidhibiti, unabaki na kelele tu mkononi. Tena palikuwa na jibu jingine lisilo na ubaya: huenda wazazi wamemhama Shangazi kwa hiari yao, wamewaleta watoto kwenye jengo jipya. Watu hupenda vipya. Kama ni hivyo, Tabasamu hana kosa, na kobe si ushahidi wa lolote.

Kwa hiyo akahesabu. Thelathini na sita.

"Wanaumwa wanne," Tabasamu akawahi. "Mafua."

"Poleni. Nimwone mlezi mmoja, yeyote."

Akaletwa msichana mrefu wa miaka kama ishirini, mabega mapana, amempakata mtoto kwa mikono miwili kifuani kama anayeogopa mpira usimponyoke. Rula akamsogeza dirishani, mbali na yale meno. Alimuuliza maswali mepesi ambayo mlezi huyajibu huku anafanya kazi nyingine: nani hapa ana pumu, nani halali bila kitambaa chake, huyu uliyempakata anaitwaje nyumbani. Msichana akatazama dari. Akatazama sakafu. Mwishowe akamtazama mtoto, kama vile mtoto angemnong'oneza.

"Una muda gani kwenye kazi hii?" Rula aliuliza kwa upole.

"Mama, mimi ni golikipa," akasema msichana. "Wa timu ya programu ya vijana. Tuliahidiwa mafunzo ya malezi, miezi mitatu na cheti. Tumesubiri toka mwaka jana. Jumanne tukapewa aproni, tukaambiwa mafunzo ndiyo haya, siku mbili, na tutabasamu mgeni akija."

Rula akamwambia ampeleke mtoto akafutwe pua, asihofu. Ndani yake furaha ilikuwa inapanda, ile furaha ya mwindaji aliyeona unyayo mbichi, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kinachomchoma ambacho hakutaka kukitazama bado.

Nje, basi dogo lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa jengo na dereva alikuwa anafuta vioo. Alikuwa mzee mchangamfu ambaye hakuwa na la kuficha, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna la kuficha. Huo ndio upungufu wa watu wanaopanga mambo makubwa, humsahau dereva. Rula akamsifia gari lake, kisha akamuuliza njia zake za leo. Mzee akatoa karatasi ya safari mfukoni mwa shati na kuisoma mwenyewe kwa sauti.

"Kuchukua watoto kwa Shangazi, saa mbili asubuhi. Kurudisha kwa Shangazi, saa sita na nusu. Jumanne ilikuwa hivihivi."

"Jumanne uliwaleta hapa pia?"

"Hapahapa. Walifundishwa nyimbo, wakapigwa picha. Shangazi ni mkali wa saa huyo. Kasema wakale na kulala kwake, saa saba kamili, la sivyo nisirudi tena." Akacheka. "Mimi naendesha tu, dada."

Rula akaomba kuipiga picha karatasi ile, na mzee akaishikilia vizuri isitikisike.

Wazazi hawakuhama. Watoto waliazimwa. Ndani ya gari la ofisi Rula alifanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeifanya: thelathini na sita kwenye basi, na sita waliobaki kwa Shangazi kwa kuwa ni wachanga mno kusafiri. Arobaini na wawili kamili, kama daftari la Shangazi lilivyosema. Hapakuwa na mtoto hewa hata mmoja. Kulikuwa na ripoti hewa, na ilikuwa na sahihi yake yeye.

Aliwasha gari saa tano kasorobo.

Alimkuta Shangazi anafunga magodoro kwa kamba. Barua ya kamati, yenye yale maneno "watoto hewa", ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, na wale wachanga sita walikuwa wanatambaa kuizunguka kamba kama sherehe imeandaliwa kwa ajili yao. Shangazi hakumkaribisha. Alikaza fundo, akamtazama mgeni kuanzia viatuni mpaka usoni, akaendelea na fundo la pili.

"Jumanne watoto walikuwa safarini," Rula alisema. "Nimejua leo."

"Umejua leo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Shangazi akaiacha kamba. "Nilikuambia mara mbili. Nimesimama hapahapa nikasema, watoto wamealikwa na programu ya vijana, ngoja saa sita na nusu utawaona. Ukasema una kazi nyingine. Kalamu uliishika, lakini haikuandika."

Rula alikumbuka. Ilikuwa kweli tupu. Alikuwa ameshaona watoto sita, ameshajua jibu, na mtu anayejua jibu hasikii. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza toka aanze kazi hakuwa na mstari wa kupiga.

"Nimekukosea, Shangazi," akasema. "Na sina hata saa moja na nusu ya kulirekebisha. Nisaidie kwanza, kisha unitukane."

Shangazi alimpima kwa macho. Kisha akafungua kabati, akatoa barua ya mwaliko. Ilikuwa imechapwa kwa mashine: watoto wenu wanaalikwa bila malipo siku ya, halafu nafasi, na kwenye nafasi mtu ameandika kwa kalamu, "Jumanne", na tarehe. Ililetwa Ijumaa iliyopita asubuhi; mwaliko wa leo, Shangazi alisema, ulikuja jana.

Hapo ndipo Rula alipokaa kwenye kiti kidogo cha mtoto bila kukaribishwa. Ziara ya kushtukiza, kwa kanuni ya Mfuko, hujulikana na watu wawili tu: mpelelezi anayekwenda na mwenyekiti wa kamati anayeijaza siku kwenye kibali. Kibali chake kilijazwa Alhamisi ya wiki iliyopita mchana, na Ijumaa asubuhi Tabasamu alikuwa ameshaalika watoto kwa siku ileile. Akafungua daftari, akakitoa kibali, akakiweka kando ya barua. "Jumanne" na "Jumanne". Herufi ya kwanza kwenye zote mbili ilikuwa na kikofia kirefu kilichoinamia kulia, na mkia uliokatwa ghafla kama aliyeandika ameitwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

"Fungua magodoro, Shangazi," alisema, akisimama. "Watoto wako watalala hapa leo."

Chumba cha kamati kilikuwa cha baridi na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa kichwani mwa meza, mkono umeshika kalamu, wajumbe watano wametulia, na Tabasamu amekaa mwishoni kama bwana harusi anayesubiri kuitwa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Rula aliomba kutumia ile kanuni isiyotumiwa na mtu, ile inayomruhusu mpelelezi kuizuia sahihi mpaka kamati ijionee kwa macho yake.

Mwenyekiti alisema kwa sauti ya uvumilivu kwamba kamati ina ripoti, ni nzuri, tena ni ya Rula mwenyewe. Anataka kumpinga nani?

"Mimi," Rula alijibu. "Ripoti ya Jumanne ni yangu, na ni ya uongo. Sikudanganya, ila niliandika uongo. Kituo cha Shangazi kina watoto arobaini na wawili, na nitawaonyesha leo kabla ya saa saba. Nikishindwa, kazi yangu ni yenu."

Kuna watu walio radhi kufa kuliko kusema maneno hayo mbele ya meza ndefu, na Rula hadi asubuhi ile alikuwa mmoja wao. Aliyeitikia kwanza alikuwa mjumbe mmoja, nesi mstaafu mwenye miwani ya kamba, ambaye alisimama na kuchukua mkoba wake. "Basi twende," akasema. "Mnakaa mnatazamana nini?" Tabasamu alishaingiza mkono mfukoni kutafuta simu, na nesi, bila hata kugeuka, akasema simu zote zibaki mezani, kamati ikiwa kazini haipigi soga. Akazikusanya mwenyewe kwenye kikapu cha barua.

Walifika kwa Shangazi kwa magari mawili, wakavua viatu mlangoni kama walivyoamriwa, wakasimama wamejibana kwenye kona ya jiko. Rula alitazama saa yake mara tatu ndani ya dakika moja. Saa sita na nusu. Basi halikuja. Mwenyekiti akakohoa. Saa sita na dakika thelathini na nne. Tabasamu alikuwa ameanza kurudisha rangi usoni pale breki zilipolia nje, na sauti ya yule dereva mzee ikasikika ikiwaambia washuke mmoja mmoja, hapana kusukumana.

Watoto waliingia. Hakuna aliyewaelekeza wala kuwashika bega. Waligeuka kushoto, wote, na safari hii ukuta haukuwa mtupu. Vibegi viliruka juu ya kulabu moja baada ya nyingine, samaki, kiti, jogoo, na yule wa kobe alilipiga begi lake kofi dogo la kuliambia tulia hapo. Kulabu thelathini na sita zikajaa kabla nesi hajamaliza kusafisha miwani yake. Hata wajumbe waliokuja wamenuna walikuwa wanacheka bila kujijua. Rula alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamlengalenga, na hakujali nani anamwona.

Watoto wakanawa, wakala, wakavuta magodoro, kila mmoja akijua lake. Shangazi alipita katikati akifunika miguu. Kule jikoni, juu ya meza ndogo, Rula aliweka kibali na barua ya mwaliko, kimoja kando ya kingine.

"Siku ya ziara tuliijua watu wawili," alimwambia mwenyekiti kwa sauti ya chini. "Mimi sikumwambia mtu."

Mwenyekiti akainama, akatazama, akainuka. "Miandiko hufanana."

"Nimesoma miandiko ya madaktari miaka thelathini," alisema nesi. "Huu ni wako."

Mwenyekiti akasema huu ni uonevu, atalifikisha mbali, mbali sana. Alisema mengi, na kila neno lilikuwa refu kuliko la kabla yake. Huku nyuma Tabasamu alikuwa anatazama mlango, anatazama meza, jasho linamshuka shingoni, na tabasamu lile, kwa mara ya kwanza mbele za watu, likafunga.

"Baba mdogo," akasema, "si uliniambia hili limekwisha?"

Hapo ndipo jikoni palipowaka. Mjumbe mmoja akauliza baba mdogo yupi, mwingine akapiga meza, mwenyekiti akamwamuru mtoto wa kaka yake anyamaze, na mtoto wa kaka yake, akiwa sasa hana cha kupoteza, akaanza kueleza fedha za programu ya vijana zilikwenda wapi na nani alikula nini. Rula alikuwa ameshafungua ukurasa mpya na anaandika mbio kila neno, bila kupiga mstari wowote.

Shangazi akatokea mlangoni na kidole mdomoni. Wote wakanyamaza, hata mwenyekiti.

"Watoto wanashika usingizi," alisema. "Kama ni kukamatana, kakamataneni nje."

Wakatoka kwa kunyata, mmoja nyuma ya mwingine, mwenyekiti mbele, viatu mkononi.